Kicheko Kisicho na Mwenyewe

Kama kuna kazi iliyomchosha Wayua mwaka ule kuliko kupiga taipu, kuliko kufua, kuliko hata kumgeuza mume wake kitandani asiote vidonda, ni kazi ya kueleza. Alieleza sokoni Jericho, pale Nairobi, akaeleza kanisani, akaeleza kwenye foleni ya basi. Aliwaeleza watu wazima wenye akili zao, nao wakatikisa vichwa kwa heshima, kisha wakaenda kusema kile walichokuwa wakisema tangu mwanzo, kwamba Matheka ameharibika kichwa na anacheka ovyo.

Matheka hakuwa ameharibika kichwa, si kwa namna waliyodhani wao. Alikuwa dereva wa lori la soda, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, ambaye asubuhi moja ya mwezi wa tatu aliinama kufunga kamba za viatu na hakuinuka. Hospitali wakasema ni kiharusi. Aliporudi nyumbani upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, ulimi ulikuwa mzito, na alikuwa na kicheko ambacho hakikuwa chake.

Kicheko chenyewe kilikuwa hivi. Mtu akitokea mlangoni ghafla, Matheka alicheka. Mtu akiinua mkono kumsalimu, alicheka. Kijiko kikianguka, alicheka. Kilianza kwa mdomo kufunguka polepole, kikapanda, kikafika mahali palepale kila siku, kikakatika kama maji ya mfereji yaliyofungwa. Wayua alikuwa amekisikia mpaka angeweza kukifuatisha kwa kidole mezani. Mtu anayecheka kweli hacheki mara mbili sawasawa, lakini hiki kilikuwa kimoja tu, kilekile, kama sahani ya santuri iliyokwaruzika. Na macho ya Matheka wakati huo yalikuwa macho ya mtu anayeibiwa huku akitazama.

Daktari aliyemweleza alikuwa kijana mwenye haraka, lakini hakuwa na dharau. Alimwambia kwamba kichwani kucheka si kitu kimoja.

"Kuna sehemu ya juu inayoona kwamba jambo linachekesha," alisema. "Halafu kuna sehemu ya chini, karibu na shingo, inayoifanya kazi yenyewe. Kifua kitikisike, sauti itoke, uso ukunjuke. Katikati kuna nyaya, na kazi kubwa ya nyaya hizo ni kuzuia. Ukiwa kanisani ukaona kitu cha kuchekesha, si unajizuia? Basi, za mzee zimekatika. Ile ya chini sasa inafanya inavyotaka. Atacheka bila furaha, na atalia bila huzuni. Usiusome uso wake, mama. Kwa sasa uso wake ni mwongo."

Wayua akauliza lile alilotaka kuuliza hasa. "Na ile ya juu? Inayoona?"

Daktari akavua miwani akaifuta kwa pindo la koti. "Sidhani imeguswa. Lakini siwezi kukuahidi. Hana njia ya kutuonyesha."

Jibu hilo ndilo lililomla Wayua usiku na mchana. Hakuwa ameolewa na mikono ya Matheka wala na lori lake la soda. Alikuwa ameolewa na mtu aliyeona vichekesho mahali ambapo watu wengine waliona ukuta tu.

Siku ya harusi yao mchungaji alisema "na la mwisho kabisa", akahubiri tena muda mrefu, akasema "la mwisho kabisa" mara ya pili, akafungua ukurasa mpya. Wakwe wote walikuwa wamekaa mbele, na katikati yao Mbeti, mama yake Wayua, mgongo umenyooka kama mlingoti. Ukambani mama mkwe si mtu wa kuchezewa. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hataniani naye, na jambo zito kati yao hupitishwa kwa mtu wa tatu hata kama wameketi hatua mbili. Wenyewe huiita nthoni, heshima na haya ndani ya neno moja, na anayeivunja hulipa mbuzi. Bwana harusi anayecheka mbele ya mama mkwe siku ya harusi ni afadhali angebaki kapera. Basi chini ya meza ya maharusi, chini ya kitambaa cheupe, kiatu cha Matheka kikakitafuta cha Wayua na kukikanyaga, mara moja kwa nguvu, kisha mara mbili polepole. Wayua nusura afe kwa kicheko. Alipomtupia jicho, Matheka alikuwa na uso mkavu kama hakimu.

Tangu hapo ikawa lugha yao. Kanisani, matangani, kwenye vikao vya ukoo, popote kicheko kilipokatazwa, kiatu kilikuja, moja kubwa na mbili ndogo. Miaka tisa Wayua alikuwa akiuma mashavu yake kwa ndani kwa sababu ya mtu huyo. Sasa alikuwa na mume anayecheka kutwa nzima, na nyumba haikuwa na kichekesho hata kimoja.

Alijaribu kumuuliza. Lakini Matheka alijibu "ee" kwa kila kitu. Uji, ee. Chai, ee. Una maumivu, ee. Unanijua mimi ni nani, ee. Siku moja Wayua alimshika mashavu akamuuliza kama bado yumo humo ndani, na Matheka akalia mpaka shati likalowa. Hakumuuliza tena.

Binti yao Ndanu alikuwa amepelekwa kwa bibi yake Mbeti kule Mwala, Ukambani, tangu mwezi wa nne, kwa sababu Wayua hangeweza kwenda kazini, kumlea mgonjwa na kumlea mtoto wa miaka sita kwa mikono miwili tu. Walikubaliana atarudi Januari kuanza darasa la kwanza. Sare alishashonewa na Wacera, jirani yao fundi cherehani, nayo ilining'inia nyuma ya mlango ikimtazama Wayua kila jioni.

Mambo yaliharibika mwezi wa nane. Mbeti alikuja Nairobi kuleta habari kwamba kaka yake, mjomba wake Wayua, amefariki. Aliketi karibu na mlango, uso kautazamisha upande kama nthoni inavyotaka, kikapu cha ndizi miguuni. Alieleza jinsi ndugu yake alivyougua, jinsi alivyomwita jina lake la utotoni kabla ya kukata roho. Kisha akainua mkono mbinguni kusema kwamba aliyetoa ndiye aliyetwaa.

Matheka akacheka. Akacheka kicheko kizima, toka mwanzo hadi pale kinapokatikia.

Mbeti akasimama. Alijifunga leso kiunoni akatoka, akafika kwenye ngazi, akarudi kuchukua kikapu chake, ndizi zikiwa bado zimo, akaenda zake stendi. Wiki iliyofuata ukaja ujumbe kutoka Mwala. Mtoto harudi kwa mtu anayecheka msiba. Kwanza mbuzi wa nthoni alipwe, halafu Matheka aombe radhi mbele yake. Akicheka tena, Ndanu atabaki Mwala, na Wayua mwenyewe akipata akili atamfuata huko.

Wayua alipanda basi Jumamosi hiyo hiyo kwenda kueleza. Aliamini, maskini, kwamba kosa lilikuwa la maelezo, kwamba akipanga maneno vizuri mama yake ataelewa. Alimkuta ukumbini akipukuchua kunde. Akaanza na sehemu ya juu na sehemu ya chini, akaja kwenye nyaya, na alipoona nyaya hazimwingii mama yake akatafuta kitu cha karibu.

"Ni kama baiskeli iliyokatika breki, mwaitu," alisema. Mwaitu ndivyo Wakamba wanavyomwita mama. "Inakwenda yenyewe. Si mpandaji anayetaka."

Mbeti akapukuchua maganda mawili, matatu. "Baiskeli ikikatika breki," alisema, "huenda mahali ambapo mpandaji alikuwa ameielekeza."

Wayua akaokota ganda lililoanguka, akaligeuza mkononi.

"Ubongo hauchekeshi mtu," Mbeti akaendelea. "Ubongo ni wa hesabu. Anayecheka ni roho, na anayelia ni roho. Nimezika mume, nimezika watoto wawili, nimemzika na ndugu yangu. Usiniambie mimi machozi yanatoka wapi."

Jibu la ile baiskeli Wayua alilipata ndani ya basi, karibu na Athi River, wakati lilikuwa halina faida tena. Mlima. Baiskeli isiyo na breki hufuata mlima, haimfuati mpandaji. Alikasirika hata akapiga ngumi kikapu cha mwanamke aliyeketi naye, akaomba radhi. Kilichomuuma zaidi ni Ndanu, aliyemsindikiza mpaka barabarani bila viatu na kumuuliza kama baba bado anacheka. Alipoambiwa bado, mtoto akasema, "Mimi simwogopi." Wangekuwa watu wazima wote wana akili ya mtoto huyo, Wayua aliwaza, ningekuwa nimelala usingizi wangu.

Mwezi wa kumi akagombana na Wacera pia. Wacera aliweka cherehani yake barazani kwake, mkabala na mlango wa Wayua, na mchana Wayua akiwa kazini yeye ndiye aliyemtazama Matheka, akimpa uji na kumpigia domo huku akishona. Siku moja ofisi ilifungwa mapema. Wayua akaingia na kumkuta mumewe amejaa machozi na kamasi, kifua kinapanda na kushuka, na mguu wa kushoto, ule mzima, unagongagonga sakafu. Mguu huo ulikuwa umeanza tabia hiyo siku hizi, na Wayua aliogopa kwamba ni ugonjwa mwingine unaobisha hodi. Na Wacera yuko pale kando yake na kitambaa cha kushona, anaendelea na hadithi.

"Unamwambia nini?" Wayua akafoka.

"Si nilikuwa namwambia tu hiyo mambo ya Muturi wa bucha," Wacera akasema. "Vile alienda kanisa na koti ya bibi yake sababu alivaa kwa giza. Sadaka ikafika, akaingiza mkono kwa mfuko akatoa kitambaa, akaweka kwa kikapu bila kuangalia. Kumbe ni meno ya bandia ya mama mkwe."

"Mtu analia, na wewe unaendelea?"

"Aki Mama Ndanu, analianga hivyo kila siku na mimi namalizia tu. Sioni kama amekasirika."

"Huoni kwa sababu hutazami. Hizo hadithi zako zinamuumiza. Basi, inatosha. Mpe uji, umwache apumzike."

Wacera akakunja kitambaa chake akatoka. Tangu siku hiyo alileta uji, akauweka mezani, akarudi kwenye cherehani bila kutia neno, na nyumba ikawa kimya kweli. Wayua alijiambia kwamba amemlinda mume wake. Lakini Matheka hakulia tena mchana, wala mguu haukugonga, na jioni alimkuta amegeukia ukuta.

Kufika Desemba, Wayua akaacha kueleza. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Akanunua mbuzi, akamwomba Kiilu, kaka yake Matheka, ampeleke Mwala na amshawishi Mbeti aje Nairobi, maana mgonjwa hasafiri.

Kiilu alikuwa mchonga vinyago kule Gikomba, mtu mpole kupita kiasi. Ugomvi ulimwumiza tumbo. Ukimpa Kiilu matusi akafikishe, atafikisha salamu. Wayua alilijua hilo, lakini mshenga wa ukoo ndiye huyo, hakukuwa na mwingine. Kiilu akarudi na habari kwamba Mbeti atakuja Jumamosi na mtoto, na kwamba Matheka akicheka watarudi Mwala wote wawili kwa basi la saa tisa.

Asubuhi ya Jumamosi Wayua aliitayarisha nyumba kama mtu anayeficha vitu kabla ya askari kuja. Aliondoa vijiko vyote mezani. Alifunga mlango wa nyuma kwa kamba watoto wa jirani wasiusukume. Alizima redio. Kiilu akaja mapema kupanga viti. Siku zote Wayua alikaa kulia kwa Matheka, upande uliokufa, bega lake likimshikilia asianguke. Kiilu akasema haifai mwanamume aonekane na wakwe akiegemezwa kama mtoto. Akamwegemeza kulia kwenye kabati, akamweka Wayua kushoto kwake, nyuma ya meza yenye kitambaa.

"Mwambie mama asiinue mkono," Wayua akamsihi. "Tafadhali, shemeji. Chochote kile, asiinue mkono."

Kiilu akaahidi. Alipokuja kumwambia Mbeti pale nje, Wayua alisikia sauti ya mama yake ikipita dirishani. "Nitaombaje bila kuinua mkono? Mimi ni mtu wa kuomba nimekunja mikono kama mtu wa baridi?"

Ndanu akaachwa kwa Wacera. Wayua alimwona tu kupitia mlangoni, amerefuka, mfuko wake wa nguo mgongoni. Hakuuvua. Alikuwa ameambiwa asiuvue.

Mbeti akaingia polepole, kwa bahati nzuri, akaketi akiwa ameelekea dirisha, leso kichwani. Kiilu akasimama katikati. Matheka alikuwa amenyolewa, amevaa koti lake la harusi, ndara miguuni, mkono wa kulia umewekwa mapajani. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Wayua aliutazama mdomo huo kama mtu anayetazama maziwa jikoni.

"Mwambie Matheka nimekuja," Mbeti aliliambia dirisha. "Mwambie kwamba hata fisi, na ni fisi, hungoja maiti izikwe kwanza."

Kiilu akakohoa. Akamgeukia ndugu yake aliyekuwa hatua mbili kutoka kwa mama mkwe na mwenye masikio mazima.

"Matheka," akasema, "mama anasema amefika salama."



"Sikusema hivyo," Mbeti akasema.

"Anasema hakusema hivyo," Kiilu akafikisha.

Chini ya meza kitu kilimgonga Wayua kwenye kiatu. Alidhani ni mguu wa meza. Hakuwa na nafasi ya kufikiria miguu, alikuwa na hasira. Miezi yote hiyo, mbuzi mzima, na mambo yote yamewekwa mikononi mwa mtu asiyeweza kusema neno moja lenye ncha.

"Mwambie nilimpa binti aliyesoma," Mbeti akaendelea, sauti ikianza kukwaruza, "binti mwenye nyama mwilini, na sasa amefanywa yaya wa mtu mzima anayemcheka mama yake."

"Mama anasema Wayua amekonda kidogo."

"Kiilu, wewe ni mjumbe au ni mchungaji?"

"Anauliza kama mimi ni ..." Kiilu akasita. "Hilo ni langu mimi."

Kikaja tena chini ya meza. Safari hii Wayua alitazama. Ilikuwa ni ile ndara ya kushoto ya Matheka, mguu wake mzima, umelala juu ya kiatu chake. Akadhani ni ugonjwa ule wa kugonga sakafu umerudi, na katika siku zote ukachagua leo. Akauondoa polepole kwa wake.

Mbeti akasimama. Kiti chake kilikwaruza sakafu, na Wayua akafumba macho, lakini kicheko hakikuja. "Sasa tumwombe Mungu," Mbeti akasema, "maana binadamu wameshindwa." Na akainua mkono.

Akauinua wote, juu kabisa, kiganja wazi, vilevile kama mwezi wa nane. Wayua akamgeukia Matheka. Mdomo ulikuwa umeanza kufunguka polepole, pembe zake zikivutwa nje, kama kila siku. Basi la saa tisa, akawaza. Mtoto hajavua hata mfuko. Alitamani kuuziba mdomo ule kwa mkono wake, aliona aibu kwa kutamani, na akamchukia daktari, akamchukia mama yake, na kwa muda mfupi akamchukia Matheka.

"Ee Mungu Baba," Mbeti akaomba, "mtazame mtu huyu."

Kiilu, kwa mazoea tu, akamgeukia ndugu yake. "Mama anamwambia Mungu akutazame."

"Uulainishe moyo wake wa jiwe."

"Anasema una moyo imara."

Mbeti hakufumbua macho. "Kiilu. Mungu anasikia."

"Anasema Mungu anasikia," Kiilu akafikisha.

Na Matheka akalia. Hakucheka, alilia. Uso ulikunjamana wote, machozi yakamwagika, kifua kikapanda na kushuka kwa kwikwi kubwa kubwa, mate yakamtoka. Na chini ya meza ndara ikakitafuta kiatu cha Wayua, ikakipata, ikakikanyaga. Mara moja kwa nguvu. Kisha mara mbili polepole.



Ikarudia. Moja kubwa, mbili ndogo. Akamtazama machoni, juu ya yale machozi, na macho hayakuwa ya mtu anayeibiwa. Yalikuwa ya yule bwana harusi mwenye uso wa hakimu, ila sasa uso ndio uliomtoroka. Yumo. Yumo humo ndani, mzima, na anaona kila kitu, na kicheko chake cha kweli kimekosa mlango wake kikatokea mlango wa jirani. Akakumbuka sakafu iliyogongwa, na Muturi wa bucha na meno ya mama mkwe, na Wacera akikunja kitambaa chake. Miezi tisa yeye, mke wake, alikuwa ameketi upande uliokufa, na mtu huyu akigonga sakafu peke yake. Na mtu mmoja aliyemchekesha, yeye Wayua ndiye aliyemfukuza. Moyo ulimuuma kiasi kwamba alishika ukingo wa meza.

Mbeti alikuwa ameshusha mkono. Alikuwa amefanya jambo ambalo halikuwa limefanyika katika nyumba hiyo, alikuwa amegeuka na kumtazama mkwe wake. Alimtazama mtu mzima akilia mbele ya ukoo bila kujifuta, na mgongo wake ule ulionyooka ukalegea.

"Mwambie inatosha," alisema, na sauti yake ilikuwa nyingine. "Mwambie nimemsamehe."

"Mama amekusamehe," Kiilu akasema. Hilo alilifikisha lilivyo, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Mbeti akamgeukia binti yake. Machozi yalikuwa yakimlenga naye pia. "Umeona sasa? Mwaka mzima unaniambia ubongo, ubongo. Nilikwambia nini mimi? Ni roho, Wayua. Roho ikiguswa, mtu hulia."

Maneno yote yalikuja kwa pamoja. Sehemu ya juu, sehemu ya chini, nyaya, na ile baiskeli, na mlima, jibu aliloliweka tangu Athi River. Safari hii alikuwa nalo lote, limepangwa, tena na ushahidi juu ya kiatu chake. Kwamba halii, mwaitu, anacheka, anakucheka wewe na Kiilu na mimi na Mungu wetu tuliyemtafsiria, anacheka kweli kwa mara ya kwanza mbele yangu tangu alipoinama kufunga viatu. Kupitia mlango uliofunguliwa nusu alimwona Ndanu kwenye baraza ya Wacera, mfuko mgongoni, akingoja kuambiwa.

Wayua akayameza yote. Hakuna dawa aliyowahi kumeza ikawa chungu hivyo.

"Ndiyo, mwaitu," alisema. "Ni roho."

Kiilu alikuwa amekwisha kumgeukia ndugu yake. "Wayua anasema ni roho," akamfikishia.

Matheka akapiga yowe la kilio, na ndara ikashuka juu ya kidole kidogo cha Wayua kwa nguvu zote zilizobaki katika mwili ule. Wayua akauma mashavu kwa ndani, haikusaidia. Akajifunika uso kwa leso, akainama juu ya meza, mabega yakaanza kumtikisika, naye akaukanyaga mguu wa mumewe, mara moja kwa nguvu, kisha mara mbili polepole.

Mbeti akaja akasimama nyuma yake, akampigapiga mgongoni kwa kiganja, taratibu, na kumwambia alie tu, asione haya.